Waliopiga besi miaka mingi wanasema wangeanza na masikio

Hapa Dodoma kanisa likishanunua vyombo mpangilio unakuwa ule ule kila mahali nilipopita. Kinanda kina mtu wake tayari, wa solo yupo na kila mtu anamjua, dramu zinagombaniwa na watoto wote, alafu linabaki gitaa moja refu la nyuzi nne limeegemezwa ukutani, mwalimu wa kwaya anazungusha macho anasema wewe, shika besi. Anayepewa mara nyingi ni yule aliyekuwa anajifunza rithim akawa bado mzito kubadilisha kodi, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mimi nilipewa hivyo hivyo, na wapiga besi ninaowafahamu kuanzia Chang'ombe mpaka Kizota, na wale wa Kongwa, Mpwapwa na Singida tunaokutana kwenye matamasha ya kwaya, karibu wote wameingia kwa mlango huo.

Na siyo sisi tu. Paul McCartney alikuwa anapiga gitaa la kawaida, Stuart Sutcliffe aliyekuwa wa besi alipoondoka kwenye bendi yao ya Beatles ya Uingereza mwaka 1961 ikabidi mtu ashike besi, ikamwangukia yeye. Carol Kaye wa Marekani alikuwa mpiga gitaa wa studio, mwaka 1963 mpiga besi hakutokea siku ya kurekodi akaombwa azibe pengo, na kuanzia hapo besi ikawa ndo kazi yake, amerekodi mpaka basi kule Los Angeles. Kwa hiyo mtu asijisikie mnyonge kwa sababu alipewa besi ikiwa imebaki.

Tatizo liko kwenye kinachofuata. Aliyepewa chombo kilichobaki anatafuta namna ya kuonekana, na kwenye simu siku hizi kuonekana ni rahisi kutafuta, unafungua YouTube unakutana na mtu wa Brazili anapiga slapu, ile ya kugonga nyuzi kwa dole gumba na kuzivuta, vidole havionekani, basi kijana anaingia humo miezi, anarudi kanisani na vipande viwili vitatu vya slapu anavichomeka kwenye kila pambio, waimbaji wanapotea, mwalimu wa kwaya ananuna, na mwenyewe anaona hawamwelewi.

Jumamosi jioni huwa nakaa na vijana wanaoanza, na kwa ajili yao nimejiwekea utaratibu, kila nikikutana na mpiga besi aliyenizidi miaka namuuliza swali moja tu, ungekuwa unaanza leo ungefanya nini tofauti? Nimewauliza wa makanisani, wa bendi za hotelini, wa harusini, na wazee waliopita kwenye dansi. Nilitegemea waseme wangenunua gitaa zuri mapema au wangekimbiza vidole zaidi, lakini spidi hakuna hata mmoja aliyeitaja. Kila mmoja kwa maneno yake anazunguka anakuja pale pale, kwamba angeanza na masikio.

Kuna mzee mmoja anakaa Makole, kapiga dansi tangu ujana wake, sasa hivi anapiga mara moja moja akiitwa. Nilimkuta kwake, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, vuta kiti, tukaongea ya familia na ya mvua kwanza ndo nikafika kwenye swali. Akasema, "Mwanangu, mimi nyimbo zote za bendi nilikuwa nazijua, ila mpiga dramu anafanya nini nilikuwa sijui. Siku nimeanza kuusikiliza mguu wake wa kulia ndo siku nimeanza kupiga besi." Nikamuuliza hiyo siku ilikuja baada ya muda gani, akacheka sana, akasema baada ya kuoa.

Mguu wa kulia ndo unaokanyaga kiki, lile dramu kubwa la chini. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kazi yote ya besi iko hapa. Kijana akija kwangu mara ya kwanza nampa pambio analolijua toka utotoni, namwambia chagua noti moja tu, hata isipolingana na wimbo kila sehemu we ng'ang'ana nayo, na uipige pale tu kiki inapopiga, kiki ikinyamaza na wewe nyamaza. Inaonekana kazi ya mtoto. Ubeti wa kwanza hauishi, kidole kinaanza kumuwasha, anaongeza kanoti hapa, anateleza kidogo pale, kwa sababu kukaa kimya na gitaa mkononi kunahitaji moyo. Akiweza wimbo mzima bila kuongeza kitu, hapo hapo hata ambaye hajui muziki akipita nje anasikia kwamba kuna kitu kimekaa, kiki na besi zimekuwa sauti moja nene.

Alafu inakuja sehemu ambayo wazoefu wengi wameniambia hakuna aliyewafundisha, wameigundua wenyewe kwa kuchelewa: noti inaishia wapi. Wote tunafundishwa noti inaanzia wapi, kumaliza kila mtu anajimalizia anavyojua. Chukua ki ya G, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni noti ya G, piga G kwenye pigo la moja pamoja na kiki, iache ilie mpaka ikutane na noti inayofuata, sikiliza. Sasa piga ile ile, ila snea, lile dramu dogo lenye mlio mkali, ikilia tu kwenye pigo la mbili inua kidole kidogo uzi unyamaze. Noti ni hiyo hiyo na spidi ni hiyo hiyo ila wimbo wa kwanza unatembea kwa uzito na wa pili unaruka, watu wanaanza kusogeza mabega bila kujua kwa nini. Noti isiyokatwa ni kama mgeni asiyeaga, yupo tu sebuleni na hakuna anayejua aongee nini. Na usiinue kidole chote mpaka uzi uachane na mkono, unalegeza tu, ngozi inabaki imeugusa, la sivyo uzi wazi unalia wenyewe na unakuwa umeongeza noti ambayo hukuitaka.

Nyuzi zingine zile ambazo hupigi nazo zinalia, hili wengi hawalijui mpaka wasikie rekodi yao. Ukipiga uzi wa D, uzi wa A na wa E, zile nene zaidi yake, zinatetemeka zenyewe taratibu, kwenye chumba kidogo husikii, kwenye spika kubwa za kanisa unasikia mvumo hauishi na fundi mitambo anaanza kuhangaika na mixa wakati mixa haina kosa. Dole gumba la mkono wa kulia lisikae sehemu moja, lifuate, ukipanda uzi wa D dole gumba liulalie uzi wa A, na ubavu wake ufunike wa E. Ukizoea hivyo toka mwanzo haikusumbui tena maisha yako yote, ukija kuzoea baadae unapambana na mkono ambao tayari una tabia zake.

Wanaotaka kusikia besi inayoacha nafasi nawaelekeza kwenye dansi letu wenyewe. Sikiliza Msondo, ile bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, au Mlimani Park ya kuanzia 1978, subiri pale wimbo unapochemka magitaa matatu yanajibizana, alafu usisikilize magitaa, shuka chini kabisa umtafute wa besi. Hakimbizani nao. Anapiga, anaacha tundu, anarudi, na lile tundu ndo linalofanya kiuno kicheze. Kijana wangu mmoja alisikiliza hivyo na earphone usiku mzima, akaja kaniambia mwalimu kumbe huyu jamaa hapigi sana, nikamwambia ndio, endelea kumsikiliza.

Na kwa sisi wa huku kati tuna hazina karibu zaidi. Nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo, kaa karibu na kina mama wanaopiga muheme, ngoma wameibana kati ya mapaja, angalia jinsi yule anayeshikilia mpigo wa chini anavyokaa na mzunguko wake wakati mwenzake anapanda na kushuka juu yake. Au sikiliza mtu wa ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003 aliupeleka muziki huu duniani kote, mzunguko unarudi na kurudi na sauti ya mtu inaogelea juu yake, na kila ukirudi unausikia kama mpya. Mimi naamini kabisa kijana wa Dodoma aliyekua akisikia hizi ngoma tayari anayo besi mwilini, tunachofanya na gitaa ni kuitafutia nyuzi tu. Inaniuma nikiona anaambiwa aiache hiyo ndo ajifunze muziki.

Sasa nije kwenye jambo la ki, ambalo kwa makanisa yetu ni la kila Jumapili. Wapiga kinanda wengi wamejifunzia ki moja, utakuta ni C, na mwimbaji akianzisha pambio juu au chini anabonyeza kitufe cha transpozi anaendelea na vidole vyake vile vile vya C. Unamuuliza kaka tuko ki gani, anakujibu C, na hakudanganyi, vidole vyake viko C kweli, ila kinanda kimepandishwa hatua tatu ndogo kwa hiyo sauti inayotoka ni E flati. Wewe unaweka C ya nguvu kwenye spika ya inchi 15 na kanisa zima linageuka kukuangalia. Wazoefu wote wa makanisani wanacheka nikiwatajia hili kwa sababu limewakuta, na wote wanasema dawa siyo kuuliza, dawa ni kutafuta do mwenyewe kwa sikio.

Inafanyika hivi. Mwimbaji akishaanza, usiguse uzi kwanza, guna na koo lako kwa sauti ndogo ile noti ambayo wimbo unaiona kama nyumbani, ile ambayo wimbo ungeishia hapo kila mtu angekaa. Ukishaishika kooni, teremsha volyumu kabisa, tembea kwenye uzi mnene wa E freti moja moja, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, mpaka ukutane nayo. Hapo ndo do. Tuseme imeangukia freti ya 3, hiyo ni G. Fa iko freti hiyo hiyo ya 3 kwenye uzi wa pili, ule wa A. Sol iko freti mbili mbele yake, freti ya 5 uzi huo huo wa A. La iko nyuma, shuka freti tatu kwenye uzi ulioanzia, kwa G inaangukia uzi wazi wa E. Do, fa, sol, la, kwa hizo nne utapita kwenye mapambio mengi kuliko unavyofikiria, na umbo lake halibadiliki, do ikihamia freti ya 5 au ya 8 umbo zima linahama nayo vile vile. Kwa hiyo hata mpiga kinanda akibonyeza transpozi katikati ya wimbo, na huwa wanabonyeza, unateleza freti mbili na kanisa halijui kama kulikuwa na hatari.

Na hapa ndo walimu wetu wa kwaya wana utajiri tunaouacha. Wanaandika solfa ubaoni, d r m f s l t, waimbaji wanaikariri, sisi wapiga vyombo tumekaa nyuma tunachezea simu tukisubiri waimbaji wamalize. Dada mmoja anayepiga besi kwenye kwaya kubwa hapa mjini aliniambia jambo ambalo angefanya tangu mwezi wa kwanza ni kwenda kukaa na sauti ya nne. Yaani kaa na wale wababa wa sauti ya chini, imba nao laini yao mpaka uijue bila karatasi, alafu ndo ushike gitaa. Laini ya sauti ya nne imeandikwa na mtu aliyefikiria besi inatakiwa iende wapi, inajua lini itulie na lini itembee kupeleka wimbo kwenye kodi inayofuata. Mimi nimelifanya hilo kuwa sharti, kijana hapigi wimbo mpaka aweze kuuimba kwa besi, hata kama sauti yake ni mbaya, kwa sababu kama hakitoki mdomoni bado hakijaingia sikioni.

Jambo lingine linahusu simu. Uzi wa E ukiwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55, na spika ndogo ya simu haifiki huko kabisa, inakupa kivuli tu cha noti. Kijana anakwambia nimesikiliza wimbo siku tatu sijaipata besi, unamuuliza umesikilizia wapi, anakuonyesha simu imelala kwenye meza. Vaa earphone, hata za bei ya kawaida za Majengo sokoni, ghafla besi inatokea kama ilikuwa imefichwa. Na kwenye simu hiyo hiyo weka metronomu, app inayolia kuhesabu mapigo, za bure zipo tele. Wengi wanaiweka ipige mapigo yote manne wanaifuata, hiyo ni nzuri kwa kuanza ila inakubeba sana. Wimbo wako ukiwa na spidi ya mapigo 120 kwa dakika, weka 60 alafu hesabu kwamba kila mlio ni mbili na nne, pale snea inapokaa, moja na tatu uziweke mwenyewe. Ukishatulia weka 30, sasa inalia mara moja tu kila baa, yaani kila mapigo manne, na katikati hapo kuna jangwa unatakiwa uvuke peke yako ufike kwa wakati. Wapiga besi wa hotelini ndo walionisisitizia sana hili, maana huko unaweza kupiga usiku mmoja na mpiga dramu ambaye hamjawahi kuonana na hamna saundi cheki ya maana.

Mikono nayo ina habari yake, na inaanzia kwenye umeme. Umeme ukikatika kijana anafanya mazoezi bila amplifaya, gitaa la besi bila amplifaya halisikiki, basi anapiga kwa nguvu ili ajisikie, na nguvu ile inabaki. Umeme ukirudi anaendelea kupiga hivyo hivyo, nyuzi zinagonga freti, sauti inatoka ya kukwaruza, kiganja kinauma. Kama huna umeme, gusisha kichwa cha gitaa kwenye kabati la mbao au mlango, mbao inabeba mtetemo na utajisikia vizuri tu huku unagusa nyuzi kwa ulaini. Na ukiwa na amplifaya pandisha volyumu yake, shusha mkono. Kaka mmoja ambaye ilibidi apumzike muda mrefu kwa maumivu ya kifundo cha mkono anasema angeambiwa sentensi hiyo moja mapema asingepitia alichopitia.

Urefu wa uzi wa besi ya kawaida ni inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo, wakati gitaa la kawaida ni kama sentimita 65. Kwa hiyo ukiwa chini kule karibu na kichwa freti ziko mbali mbali, usijilazimishe kuweka kila kidole freti yake. Tumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, ukamate freti tatu, uhamishe mkono mzima ukihitaji ya nne. Ukipanda juu kuanzia freti ya 5 au ya 7 hivi ndo utandaze vidole vyote vinne. Kifundo kikae kimenyooka kadri inavyowezekana, mkanda ufupishe mpaka gitaa likae pale pale ulipokuwa umekaa nalo kwenye kiti. Wanaolining'iniza magotini wanapendeza kwenye picha, mkono wa kushoto ndo unalipa. Na ukisikia maumivu ya kuchoma au ganzi, weka chini, siku hiyo imeisha, usiombewe uvumilivu.

Kuna kitu cha Dodoma hasa ambacho watu wa Dar hawawezi kukwambia. Gitaa nyingi tunazipata Kariakoo, zimekaa kwenye unyevu wa pwani, zinapanda basi au siku hizi treni ya SGR, zinashuka huku ambako kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja hewa ni kavu na upepo unakausha hata midomo. Mbao inapoteza unyevu. Shingo inajinyoosha au inarudi nyuma kidogo, nyuzi zinaanza kugonga freti za mwanzo, na ukipitisha kiganja pembeni ya shingo unasikia ncha za freti zinachoma, kwa sababu mbao imesinyaa na chuma hakijasinyaa. Kijana anadhani kauziwa gitaa bovu, au anadhani yeye ndo hajui kubana. Mvua zikirudi Desemba shingo inapinda mbele, nyuzi zinanyanyuka, kidole kinahitaji nguvu mara mbili. Ndani ya shingo kuna chuma kinachorekebishwa kwa ule ufunguo mdogo wa pembe sita, robo mzunguko tu inatosha kubadilisha kila kitu, ila mara ya kwanza mpelekee fundi anayejua ukae uangalie anavyofanya, ukizungusha kwa hasira unaharibu. Wazoefu karibu wote wanasema wamepiga miaka kwenye magitaa yenye nyuzi zilizonyanyuka kama waya za kuanikia nguo wakidhani ndo ugumu wa besi, kumbe ni kazi ya nusu saa kwa fundi.

Kuitunza siyo gharama. Isiegemezwe ukutani chini ya bati, isikae kwenye gari juani, ikipumzika iwe kwenye mfuko wake. Chukua kile kisanduku cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu, weka sponji iliyolowa na kukamuliwa, kiweke ndani ya mfuko kiangazi chote na ulowanishe kila ikikauka. Vumbi letu hili pia linaingia kwenye vitufe vya volyumu ndo unasikia kwaru kwaru ukizungusha, na linakaa kwenye nyuzi, kwa hiyo ukimaliza kupiga futa nyuzi na kitambaa kikavu, juu na chini yake.

Hili linalofuata naliandika kwa uchungu. Sehemu ya mpiga besi jukwaani ni pembeni ya dramu, na pembeni ya dramu ndo kwenye matoazi, na nyuma yako kuna spika, kila wiki, mazoezi na ibada na mkesha. Kipimo kinachotumiwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika desibeli 100 una dakika 15 tu. Mkesha ni usiku kucha. Katika niliowauliza, wale waliopiga muda mrefu zaidi wana mlio masikioni ambao hauzimi, mmoja ananiambia usiku kukiwa kimya ndo anausikia zaidi, na mwingine akiongea na wajukuu inabidi aangalie midomo. Masikio yakishaharibika hivyo hayaoti upya. Nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji vinapatikana famasi, viminye, viingize, subiri vijae. Siku ya kwanza utahisi uko chini ya maji, ya pili utashangaa kwamba besi yako unaisikia vizuri kuliko mwanzo kwa sababu makelele ya juu yamepungua. Na ongea na mpiga dramu mhame, simama upande wa hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, usogee nyuma hatua moja, au amplifaya uinyanyue kwenye kiti ielekee kichwani kwako badala ya kupiga miguuni, utaiwasha kwa sauti ndogo zaidi na utaisikia.

Kuhusu nyuzi tano, swali naloulizwa mpaka kwenye daladala. Uzi wa tano wa chini ni B, unatikisika kama mara 31 kwa sekunde, una kazi yake pale kwaya inapoimba E flati au D na unataka do ya chini kabisa. Ila spika nyingi za makanisa yetu haziwezi kuubeba, unatoka mvumo usio na noti, na mkono wa anayeanza unakuwa na uzi mmoja zaidi wa kuunyamazisha. James Jamerson aliyepiga besi za Motown, kampuni ya rekodi ya kule Detroit, Marekani, alitumia nyuzi nne, kidole kimoja cha mkono wa kulia, na nyuzi alikuwa habadilishi mpaka ikatike. Kama una hela ya kuongezea uzi wa tano, ipeleke kwa fundi aiseti hiyo ya nyuzi nne, nunua mkanda mpana, waya mzuri wa jeki, na hivyo vizibo.

Kijana niliyeanza naye mwishoni mwa kiangazi ana besi ya nyuzi nne aliyoinunua kwa mtu, imechubuka rangi yote pembeni lakini shingo iko sawa baada ya fundi kuigusa. Bado tuko kwenye mapambio ya noti nne. Wiki iliyopita ameniambia mpiga dramu wao amemuuliza mbona siku hizi nikipiga najisikia vizuri, na ameomba Jumamosi waje wote wawili. Nimemwambia amlete, na waje na lile dramu la kiki tu, mengine wayaache.